Mchi wa Tatu wa Kumbukeni

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile ilinizoesha kuandika nilichokiona na nilichokisikia bila kutia chumvi. Haya ninayoyaeleza kuhusu nchi ya Kumbukeni niliyashuhudia mwenyewe katika siku saba za Sikukuu ya Urithi. Pale ambapo sikuwapo, nimemtaja aliyenisimulia.

Kumbukeni ni nchi ya vilima na mashamba ya mtama, na watu wake ni waungwana. Langoni nilipokewa na afisa aliyenipa maji ya kunywa, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaniwekea mbele Hati ya Kurudi ili nitie sahihi kwamba mwakani nitakuja tena. Nilimwambia kuwa bado sijaona chochote. Akanieleza kwa upole kwamba zamani wageni waliachwa waone kwanza, lakini walioona kwanza walikuwa wazito kutia sahihi, ndiyo maana utaratibu ukageuzwa. Nikatia sahihi, nikaingia.

Siku ya kwanza nilikaribishwa ofisini kwa Bwana Kachenje, Mkuu wa Idara ya Marejeo. Ni mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na anaipenda nchi yake kwa namna inayomnyima usingizi. Idara yake ina kazi moja tu: kuhakikisha kwamba mgeni aliyekuja sikukuu anarudi. Alinisimulia jitihada zake zote bila kuficha. Mwaka mmoja wageni walisema nyimbo ni ndefu. Kila wimbo ukakatwa ukabaki beti tatu, na ikawekwa filimbi ya kuwasimamisha wachezaji hata kama ndiyo kwanza wamepandwa na mori. Mwaka uliofuata walisema chakula kinawasha. Pilipili ikaondolewa katika nchi nzima kwa wiki moja. Kisha wakasema baadhi ya wachezaji wanaonekana wamechoka; ikapitishwa Sheria ya Tabasamu, na maofisa wawili wakapewa kazi ya kupita kwenye mistari wakiihimiza.

Lakini jitihada kubwa kuliko zote ilikuwa ulingo. Wageni walisema hawaoni vizuri, basi wakajengewa ulingo wa mbao, na kila mwaka uliinuliwa kwa kimo cha mtu mmoja. Nilipoupanda mimi ulikuwa na ngazi tisini na sita. Kule juu kulikuwa na viti laini, kivuli, na upepo mzuri. Wachezaji kule chini walionekana kama punje zinazorukaruka kwenye ungo. Kila mgeni alipewa darubini.

Kuzunguka uwanja mzima palichorwa mstari wa chokaa, na huo ndio mpaka wa Sheria ya Kutogusa. Inasema hivi: mgeni asiguse urithi, wala urithi usimguse mgeni. Niliambiwa kwamba ilitungwa zamani, baada ya mgeni mmoja kuazima ngoma na kuitoboa. Adhabu haimpati mgeni. Inampata mwenyeji aliyemruhusu: huondolewa kazini mwake katika sikukuu maisha yake yote, na chombo alichokitumia huwekwa ndani ya kabati la kioo.

"Na wanasifu," Bwana Kachenje aliniambia, akinionyesha majalada yaliyojaa barua za shukrani. "Hakuna anayelalamika. Wanasifu, wanapiga picha, wanaondoka. Miaka kumi na sita nimekaa kwenye kiti hiki, na sijauona uso mmoja mara mbili."

Alilisema jambo hilo kwa huzuni ya kweli, nami nilimhurumia.

Siku za mwanzo nilistarehe. Nilikula, nikatazama, nikapiga makofi filimbi ilipolia. Siku ya tano nilijikuta nikihesabu misumari ya ubao ulio mbele yangu, nikaona aibu, nikarudisha darubini machoni.

Asubuhi ya siku ya sita nilikuwa ofisini kwa Bwana Kachenje, tukinywa chai, karani wa rejista alipoingia akihema. Alisema kwamba kwenye mlango wa nyuma wa maghala, ule wanaoutumia wenyeji wanaobeba nafaka, mlinzi mpya amemsimamisha mwanamke mwenye lafudhi ya ng'ambo ya vilima. Alipoulizwa amekuja lini, mwanamke huyo alijibu kwamba mwaka huu ni wa sita kuja.

Bwana Kachenje alikiweka kikombe mezani taratibu. Akamwomba karani arudie. Karani akarudia: mwaka wa sita, mfululizo. Mkuu wa Marejeo akasimama, akaketi, akasimama tena, akaagiza mwanamke aletwe kwa heshima zote na wajumbe wa Baraza waitwe upesi. Hapo ndipo karani alipomalizia habari yake, kwa sauti ndogo: mwanamke huyo amekutwa ameshika mchi.

Nilitakiwa niende nao Barazani, kwa sababu sheria yao inataka mgeni anapohojiwa awepo mgeni mwingine wa kushuhudia. Jengo la Baraza ni la mawe, la kale, na juu ya mlango pamechongwa maneno haya: MGENI SIKU MBILI. Baada ya hapo ukuta umepigwa lipu. Nilipouliza palikuwa na nini, mjumbe mmoja alinijibu kwamba palikuwa na maneno mengine kuhusu siku ya tatu na jembe, lakini idara iliona yanawatisha wageni.

Mwanamke aliyeletwa aliitwa Perusi. Alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, mshonaji wa nguo kutoka mji mmoja wa ng'ambo, mjane, ambaye watoto wake wameoa na kuolewa mbali. Alikalishwa kwenye kiti cha heshima na kupewa shada la maua. Pumba za mtama zilikuwa bado zimemganda mikononi.

Wajumbe walikuwa saba, na kabla hajaulizwa neno walianza kubishana. Mmoja alishikilia kuwa kilichomrudisha ni ngoma, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeziongeza. Wa pili alisema ni fataki. Wa tatu alisema ni ulingo, na akapendekeza uinuliwe mara mbili mwakani. Ubishi ulichukua karibu saa nzima, na uliandikwa wote. Ndipo Bwana Kachenje alipomwomba mgeni aseme mwenyewe.

Perusi alieleza kwamba mwaka wa kwanza alikuja kama wengine, akakaa ulingoni, akatazama. Siku ya sita alishuka kutafuta choo, akapotea njia, akatokea nyuma ya maghala. Pale aliwakuta wanawake wawili wakitwanga mtama wa uji wa siku ya saba, ule unaonywewa na nchi nzima kufunga sikukuu. Mtama huo hutwangwa kwa michi mitatu katika kinu kimoja, kwa kupokezana, kwa wimbo wa sauti tatu. Lakini mtwangaji wa tatu alikuwa amefariki mwaka ule. Dada yake, Bi Sikitu, alikuwa akijaribu kutwanga na mke wa mwanawe, na wimbo ulikuwa ukichechemea. Kila walipofika kwenye sauti ya tatu walikuta kimya.

Perusi alisimama akasikiliza. Bi Sikitu alimwona amesimama mikono mitupu, akamdhania ni mtu wa kijiji cha jirani, akamwambia ashike mchi. Akaushika. Akakosea, akaugonga mchi wa mwenzake, akakaripiwa. Akakosea tena, akakaripiwa zaidi. Ilipofika alasiri alikuwa ameipata nafasi yake.

"Tulipomaliza," alisema, "nilidhani watanishukuru. Yule mama akaniambia, 'Mwakani uje mapema. Leo umetuchelewesha.' Basi."

Bwana Kachenje alingoja. Alipoona hakuna zaidi, akamuuliza kama hilo ndilo lililomfanya avuke vilima mara tano nyingine.

"Bwana Mkuu," Perusi alisema, "mimi kwangu nikichelewa hakuna anayejua. Nikilala njaa hakuna anayejua. Na hapa kuna mtu ananingoja na kinu. Ningekaaje nyumbani?"

Mjumbe wa fataki alisema kwamba siri imepatikana, na sasa inafaa kuwekwa katika kanuni: kila mgeni apewe mchi kwa robo saa, na wateuliwe wakaripiaji wenye vibali wa kumkaripia. Mwingine aliuliza kama michi inaweza kutengenezwa kwa plastiki ili iwe myepesi. Wa tatu alitaka ijulikane kwanza ukaripiaji utakuwa wa lugha gani. Haya nayo yaliandikwa.

Kisha mjumbe wa ulingo, mtu makini katika sheria, akakumbusha kwamba yote hayo hayazuii kosa kuwa kosa. Mgeni amegusa urithi kwa miaka sita, na aliyemruhusu lazima ajibu.

Bi Sikitu aliletwa. Alikuwa bibi mfupi wa miaka sabini na zaidi, mwenye mabega mapana na uso wa mtu aliyekatizwa kazi. Hakukubali kuketi. Alisomewa shitaka, na alipoulizwa kama anakiri kumpa mgeni mchi, alisema hajawahi kumpa mgeni mchi.

"Huyu hapa si mgeni?" aliulizwa.

"Mgeni ni aliyekaa," alisema Bi Sikitu. "Huyu anatwanga."

Akaongeza kwamba mtama umelowekwa tangu jana, jua linapanda, na nafaka ikipita adhuhuri bila kutwangwa itachacha. Nchi nzima itakunywa uji mchungu kesho, au haitakunywa kabisa. Aliomba wamwache akatwange kwanza, kisha wamhukumu watakavyo. Baraza lilijibu kwamba haiwezekani mshitakiwa kurudia kosa wakati kesi inaendelea. Nilimwona Perusi akilitua shada la maua sakafuni. Bwana Kachenje naye alimwona. Alimuuliza, taratibu, atafanya nini iwapo Bi Sikitu ataondolewa kwenye kinu.

"Sitakuwa na pa kurudi," alisema Perusi.

Nadhani ni wakati huo Mkuu wa Marejeo alipotambua kwamba, katika nchi nzima, mgeni pekee aliyewahi kurudi alikuwa karibu kufukuzwa na yeye mwenyewe. Alifungua kitabu cha sheria, akakaa nacho muda, akasoma kwa sauti ibara moja ya zamani inayosema kwamba kosa linalohusu urithi haliwezi kuhukumiwa mpaka hakimu alione kwa macho yake. Kwa hiyo Baraza likaahirishwa, likahamia nyuma ya maghala.

Karani alitangulia akachora mstari wa chokaa ili wajumbe wasimame nyuma yake, na mimi nikasimama nao. Kinu kilikuwa kikubwa, cha gogo moja, kimechakaa mdomoni upande mmoja. Wanawake watatu wakashika michi. Bi Sikitu ndiye anayeanza, mke wa mwanawe anafuata, Perusi anamalizia. Mwanzo walikwenda polepole, kisha michi ikashika mwendo, mmoja ukipanda, mwingine ukishuka, wa tatu ukiwa katikati ya njia, hivi kwamba hungeweza kupitisha mkono. Na wimbo ulikwenda hivi:

"Nani hajaja?"

"Yuko njiani."

"Mwachieni nafasi."

Sauti ya tatu ilikuwa na ile lafudhi ya ng'ambo, na sikusikia kwamba ilipunguza chochote. Baada ya mzunguko wa tatu kuna kituo kidogo, pumzi moja tu, ambapo watu waliosimama kando huitikia. Mimi sikulijua hilo. Nililisikia likitokea pande zote mbili za mwili wangu: wajumbe saba na karani wao na Bwana Kachenje waliitikia kwa pamoja, "Tumemwachia."

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa amekusudia. Mzunguko wa sita ulipofika waliitikia tena, na safari hii kwa nguvu. Huko uwanjani, kwa sababu ya filimbi, wimbo wowote hukatwa kabla ya kufika kwenye kituo chake. Mjumbe wa ngoma alikiri kwangu baadaye kwamba hakuwa ameitikia wimbo tangu alipoteuliwa.

Bi Sikitu, bila kuacha kutwanga, alimgeukia Bwana Kachenje.

"Wewe mwana wa Nyabise, usisimame hapo ukivuta vumbi. Ungo ule pale. Pepeta."

Bwana Kachenje alitazama mstari wa chokaa, kisha ungo. Akavuka. Alipepeta vibaya, pumba ziliruka zikamwangukia karani na majalada yake. Bi Sikitu alimwambia kwamba mama yake angeona haya. Naye Mkuu wa Idara ya Marejeo, ambaye kwa siku sita sikuwa nimemwona akicheka, alicheka mpaka akalazimika kuuweka ungo chini. Kisha akauinua, akaendelea, na kidogo kidogo mikono yake ikakumbuka.

Mtama ulimalizika kabla ya adhuhuri. Ndipo mjumbe wa ulingo alipoibua tatizo jipya. Sheria hairuhusu aliyeshiriki katika kosa kulihukumu. Bwana Kachenje amepepeta na mshitakiwa. Wajumbe wote wameitikia wimbo wakati kosa likitendeka, akiwamo yeye mwenyewe, jambo alilolikiri kwa uchungu. Wakatazamana tena, halafu wakanitazama mimi. Nilikuwa mtu pekee pale ambaye hakugusa kitu wala hakutoa sauti.

Sikuwahi kuwa hakimu. Kwa miaka thelathini na mmoja niliketi chini ya mahakimu nikiandika maneno yao, na sasa nikaombwa nihukumu. Nilimtazama Bi Sikitu akijifuta jasho kwa ncha ya khanga. Bega moja lilikuwa likitetemeka, naye alilishika kwa mkono wa pili ili lisionekane. Nikamwomba karani anisomee mahali ambapo sheria inaeleza mgeni ni nani. Alipekua mwanzo hadi mwisho. Sheria ya Kutogusa ilitaja neno hilo mara arobaini, na haikulieleza popote.

Nikasema kwamba basi italazimu nilieleze mimi. Mgeni, nikasema, ni yule ambaye akikosekana hakuna kinachopungua. Mwanamke huyu asingekuja, wimbo ungebaki na sauti mbili. Kwa hiyo si mgeni, na Bi Sikitu hana kesi.

Karani aliandika. Bwana Kachenje akauliza swali moja.

"Kwa maana hiyo, wote walioko kule juu ni wageni?"

"Wote, Bwana Mkuu," nilisema. "Na mimi pamoja nao."

Siku ya saba sitaisimulia kirefu, maana ilikuwa na vurugu. Bwana Kachenje alipanda ngazi zote tisini na sita, akawaambia wageni kwamba uji unahitaji wakorogaji na wachota maji. Wengi walibaki kwenye viti vyao, na wana haki. Walioshuka walikuwa kama sitini. Mkono wa mama mmoja ulibabuka kidogo, mzee mmoja alibishana na mpishi kuhusu kuni mpaka wakapeana majina ya wajukuu zao, na uji ulikuwa na madonge. Mjumbe wa fataki alisema ni sikukuu mbovu kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Lakini alinywa vikombe vitatu, tena vikiwa na pilipili manga.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kuwaaga wale wanawake. Bi Sikitu alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, Perusi akimkanda bega kwa mafuta ya nyonyo. Bibi alimwambia Perusi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga kazi ya kesho, kwamba mikono yake yeye imekwisha. Mwakani atakaa kando aimbe tu, na Perusi atashika mwanzo. Atafutwe mtu wa mchi wa tatu.

Perusi aliendelea kukanda bega. Baadaye aliinua macho akanitazama mimi, akamwambia, "Na huyu je, dada?"

Bi Sikitu aliniita karibu. Akashika mkono wangu, akaugeuza, akaubonyeza kiganjani kama anayechagua ndizi sokoni.

"Laini," alisema. "Huyu aje siku tatu kabla."

Sasa ni miezi mitano tangu nirudi nyumbani. Nilitafuta kinu, nikakiweka uani, na kila jioni kabla ya jua kuzama natwanga mahindi kidogo, nikihesabu nafasi ya michi miwili isiyokuwapo. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, vikaanza kukomaa. Mama Kengele, jirani yangu ambaye kwa miaka minne tulikuwa tukipeana habari ya asubuhi na kupita, alikuja wiki iliyopita kulalamika kuhusu kelele. Alisimama mlangoni muda mrefu akinitazama, kisha akaniambia kwamba nashika mchi kama mwiko.

Jana alikuja na wa kwake.